Kufuli la Gmail linalinda nini, na PGP ina kazi gani?

Swali: «Mimi ni afisa utawala katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria, Mwanza. Tuko watu sita, wote tunatumia Gmail. Mfadhili wetu wa Ujerumani ametuomba "ufunguo wa PGP", na anataka taarifa za wateja tumtumie kwa njia hiyo. Mwaka jana tulijaribu, barua zikawa hazifunguki, tukaacha. Mbona Gmail inaonyesha kufuli na kusema barua imesimbwa? Kuna haja gani ya kuhangaika zaidi? Na kama ipo, tuanzie wapi?»

Kufuli unaloliona ni la kweli, ila linalinda njia tu. Barua ikitoka kwenye kompyuta yako huenda kwanza kwenye seva ya Google, yaani kompyuta kuu inayotunza barua. Google huipeleka kwenye seva ya mfadhili, naye huichukua huko. Kati ya kituo na kituo inasafiri ndani ya TLS, ulinzi uleule wa tovuti za benki, na kufuli la kijivu halisemi zaidi ya hapo. Ikifika kituoni hutolewa humo, inasomeka, inahifadhiwa, kisha inafungwa upya kwa safari inayofuata. Mizigo ya basi la mkoani huenda hivyo hivyo: njiani buti limefungwa, na kila stendi kondakta analifungua.

Hata huko njiani ulinzi wenyewe uliongezwa baadaye. SMTP, itifaki inayobeba barua pepe tangu 1982, ilizaliwa bila usimbaji wowote, yaani bila kugeuza maandishi ili asiye na ufunguo asiyasome. Mwaka 1999 ikaongezewa amri iitwayo STARTTLS, tena kwa hiari: seva moja inauliza kama nyingine inaweza kusimba, na isipopata jibu zuri inatuma barua wazi bila kumwambia mtu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, cha Illinois na wa Google walipima jambo hili nchi kwa nchi, wakakuta mitandao ambako vifaa vya njiani viliifuta amri hiyo kwa kuigeuza mfululizo wa herufi X. Seva iliyotuma iliamini mwenzake hajui kusimba, ikaendelea wazi. Tunisia iliongoza, zaidi ya asilimia 96 ya barua zilizotoka huko kwenda Gmail. Kenya ilikuwa karibu asilimia 24 na Uganda karibu 23. Wala si lazima uwe ujasusi, maana baadhi ni vifaa vya usalama ambavyo wasimamizi wa mitandao huviweka ili kukagua barua zinazopita. Tangu 2018 ipo kanuni ya MTA-STS, ambayo mwenye kikoa (ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @) anaweza kuitumia kutangaza kuwa hapokei barua isiyo na TLS, na Gmail inaifuata. Lakini anayepokea lazima awe ameiwasha kwake.

Tuseme njia ni salama. Bado wapo wanaoweza kusoma barua ikiwa imetulia kwenye seva: kampuni inayotunza sanduku, fundi mwenye mamlaka juu ya seva ya upande wa pili, yeyote mwenye amri ya mahakama, na zaidi ya wote, aliyepata nywila yako. Kwa ofisi kama yenu huyu wa mwisho ndiye wa kuogopwa kwanza. Akiingia hapati barua ya leo peke yake. Anapata kila kitu tangu sanduku lilipofunguliwa: fomu za polisi za PF3, hati za viapo, namba za NIDA, majina ya watoto, mtaa alikohamia mwanamke aliyekimbia kipigo. Barua iliyosimbwa kutoka mwisho hadi mwisho, yaani tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, na PGP ni njia ya kufanya hivyo, ingebaki kwake rundo la herufi zisizo na maana, kwa sababu ufunguo wa kuisoma haupo Google. Upo kwenye kompyuta yako.

Mfadhili naye ana sababu zake. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kulinda taarifa binafsi, zinazotumika tangu Mei 2018, zinautaja usimbaji waziwazi miongoni mwa hatua za usalama. Kwa upande wetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azilinde, na ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Kwa hiyo kabla ya kugusa programu yoyote, muulizeni mfadhili: je, kweli anahitaji majina? Taarifa nyingi za mradi zinatosha kwa namba za majalada na idadi. Jina ambalo halikutumwa halihitaji kusimbwa.

Jambo lingine la kutangulia: washeni uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zote sita, leo, kwa programu ya kutoa namba au ufunguo wa USB kuliko SMS. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na bila hiyo PGP ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Sasa PGP yenyewe. Phil Zimmermann aliitoa Marekani mwaka 1991, akaishia kuchunguzwa na serikali kwa madai ya kusafirisha nje teknolojia iliyohesabiwa sawa na silaha. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka. Leo ni kanuni ya wazi inayoitwa OpenPGP, na programu nyingi zinaifuata, ikiwemo GnuPG ya bure. Kila mtu ana funguo mbili zinazozaliwa pamoja. Wa umma unampa kila anayetaka kukuandikia, naye anausimbia barua. Wa siri unabaki kwako na ndio pekee unaoweza kuisimbua. Ukitaka kuthibitisha kwamba barua ni yako, unaitia sahihi kwa ule wa siri, na mpokeaji anaikagua kwa ule wa umma.

Maelezo yanaisha hapo, shida zinaanza. Msione aibu kwamba mlishindwa. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar waliwapa watu 12 programu ya PGP 5.0 na dakika 90 za kutuma barua iliyosimbwa na kutiwa sahihi. Theluthi moja tu walifanikiwa, na watatu waliituma siri yenyewe ikiwa wazi kwa makosa. Mwaka 2015 jaribio kama hilo lilifanywa kwa Mailvelope, programu ya kisasa zaidi inayokaa ndani ya kivinjari. Kati ya jozi kumi za watu, moja tu iliweza. Hesabu zinazolinda barua ni imara, lakini kazi ya kutunza funguo imeachiwa mtumiaji, na ndiko watu wanakokwama.

Barua zenu hazikufunguka, kwa makisio yangu, kwa moja ya sababu hizi. Ya kwanza na ya kawaida: mlisakinisha upya programu au mlibadili kompyuta, mkatengeneza funguo mpya, na mfadhili akaendelea kusimba kwa ule wa umma wa zamani. Barua ya namna hiyo haifunguki kwako, na nywila yoyote haitasaidia. Anatakiwa afute ufunguo wa zamani, aingize mpya, atume tena. Ya pili: ufunguo uko kwenye kompyuta moja, barua ikafunguliwa kwenye nyingine au kwenye simu. Ya tatu: mwenzenu alitumia Thunderbird, programu ya barua pepe yenye OpenPGP ndani yake, na mwingine GnuPG kwenye kompyuta ileile, wakadhani ni hazina moja ya funguo. Si moja. Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020 inatunza funguo zake yenyewe, na ukitafuta kwa GnuPG hutaziona mpaka uzihamishe kwa mkono. Ya nne: barua ilifika kama kiambatisho kiitwacho encrypted.asc ndani ya Gmail ya kivinjari. Hiyo haijaharibika, inasubiri tu programu yenye ufunguo.

Kwa watu sita, ninavyoona, msitengeneze funguo sita. Tengenezeni mmoja wa anwani ya ofisi, ile mnayoandikiana na mfadhili, ukae kwenye kompyuta mbili tu: ya kwako na ya mkuu wa ofisi. Mkiwa wengi wenye ufunguo mmoja hamtajua nani alitia sahihi, na anayeacha kazi huondoka nao. Kwa watu wawili wanaoaminiana, hasara hiyo inavumilika.

Sakinisha Thunderbird kutoka tovuti yake rasmi, ingiza anwani ya ofisi, na itakupeleka kwenye ukurasa wa Google uingie kama kawaida. Fungua «Account Settings», chini ya anwani yako bonyeza «End-To-End Encryption», kisha «Add Key», chagua kutengeneza ufunguo mpya wa OpenPGP. Utaulizwa mambo mawili. Muda wa matumizi: acha miaka mitatu inayopendekezwa au punguza iwe miwili, usiweke usiokwisha. Aina: RSA ya biti 3072 inatosha na inaeleweka na programu za zamani. Ya mikunjo, inayoandikwa ECC, ni fupi na ya haraka, na programu zote za sasa zinaijua. Usipoteze asubuhi kuchagua kati ya hizo.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa na wengi. Ndani ya mipangilio ya faragha na usalama ya Thunderbird kuna «Primary Password». Usipoiweka, programu inaulinda ufunguo wa siri kwa nywila iliyojitungia, na nywila hiyo imelala kwenye diski hiyohiyo. Anayeiba kompyuta iliyo wazi anaondoka na vyote viwili. Weka maneno matano au sita yasiyohusiana, ya Kiswahili au Kisukuma, yasiyotoka kwenye methali wala wimbo. Na diski nzima ya kompyuta isimbwe: BitLocker kwenye Windows Pro, FileVault kwenye Mac. Barua iliyosimbuliwa ukaihifadhi kama faili kwenye kompyuta isiyosimbwa imerudi kuwa barua ya kawaida.

Kisha nakala ya akiba, siku hiyohiyo. Fungua «OpenPGP Key Manager», chagua ufunguo wako, na kwenye menyu ya faili chagua kuhifadhi ufunguo wa siri. Utaombwa nywila ya faili hilo. Liandike kwenye flashi mbili, moja kwenye sefu ya ofisi, nyingine mahali tofauti kabisa, na nywila iandikwe kwenye karatasi inayokaa mbali na flashi. Ufunguo wa siri ukipotea hakuna kampuni ya kupigia simu. Barua zote zilizosimbiwa ufunguo huo zimepotea, hata kama bado unaziona kwenye orodha. Kwa ofisi ya sheria, ambako jalada linaweza kuhitajika miaka mitano baadaye, hilo ni janga kubwa kuliko kusomwa na mdukuzi. Ndiyo maana nashauri viambatisho muhimu visiachwe ndani ya barua: visimbuliwe, vihifadhiwe kwenye diski ya ofisi iliyosimbwa, vipewe namba za majalada.

Sasa mtumie mfadhili ufunguo wa umma. Kabla hujabonyeza kutuma, fungua faili hilo kwa Notepad na usome mstari wa kwanza. Lazima useme BEGIN PGP PUBLIC KEY BLOCK. Ukiona PRIVATE, umetoa ule wa siri. Usiutume, na kama umeshatumwa hakuna kurudi nyuma: ubatilishe, tengeneza mwingine. Kosa hili hutokea kwa watu makini kabisa, kwa sababu kwenye menyu machaguo hayo mawili yako jirani.

Naye akikutumia wake, Thunderbird itakuuliza kama unaukubali. Hadi uchague, haitakuruhusu kumsimbia, na hapa wengi hudhani programu imeharibika. Kuna jibu la kukubali bila kuhakiki na la kukubali baada ya kuhakiki. Kuhakiki ni kulinganisha alama ya kidole ya ufunguo: herufi na tarakimu 40, kwa kawaida zimepangwa nne nne katika mafungu kumi. Mpigie mfadhili simu ya sauti au video, mmoja asome mafungu yote kumi, mwingine afuate. Msilinganishe kwa barua pepe, maana anayeweza kukuletea ufunguo bandia kwa barua anaweza kukuletea alama bandia kwa barua ileile. Hatua hii huchukua dakika tatu na hurukwa na karibu kila mtu. Ukiiruka, huna hakika unamsimbia nani.

Unaweza pia kuweka ufunguo wa umma kwenye hazina ya keys.openpgp.org ili wengine waupate. Hazina hiyo inakutumia barua kuthibitisha anwani ni yako kabla ya kuionyesha. Epuka hazina za zamani za mtandao wa SKS na maelekezo yanayozitaja. Kule mtu yeyote aliweza kubandika chochote kwenye ufunguo wa mwingine, na Juni 2019 funguo za wataalamu wawili wanaojulikana zilijazwa sahihi bandia, mmoja karibu 150,000, hadi programu zilizojaribu kuzipakua zikakwama.

Mkishafika hapo, tumeni barua ya majaribio isiyo na siri, na kabla ya kufurahi angalieni vitu hivi.

Kichwa cha barua. PGP inasimba mwili na viambatisho. Anayetuma, anayepokea, tarehe na saa vinabaki wazi daima, kwa kuwa seva inavihitaji. Kichwa kwa asili yake nacho kiko wazi. Thunderbird inakificha na kuacha nukta tatu, lakini programu ya mwenzako inaweza isifanye hivyo anapojibu. Basi msiandike «Talaka ya fulani, amehamia Nyegezi». Andikeni «Jalada 14». Kwa mtu anayewafuatilia, kujua kwamba mmeandikiana mara tisa wiki hii na ofisi fulani kunaweza kumtosha, na PGP haina dawa ya hilo.

Majibu. Ulituma barua iliyosimbwa, mwenzako akaijibu kutoka kwenye simu bila usimbaji, na chini ya jibu lake maneno yako yote yamenukuliwa wazi. Kazi yote imekwenda na maji. Kubalianeni mapema: barua iliyosimbwa hujibiwa kwa usimbaji, au inajibiwa bila nukuu. Thunderbird ina chaguo la kusimba daima kwa anwani fulani, liwasheni kwa anwani ya ofisi ili kusahau kusiwe rahisi.

Rasimu. Unapoandika, programu huhifadhi rasimu kwenye seva ya Gmail kila dakika chache. Hakikisha chaguo la kuhifadhi rasimu zikiwa zimesimbwa limewashwa, la sivyo Google itakuwa na barua yako kabla hujaisimba.

Nakala kwa wengine. Kila anayewekwa kwenye CC lazima awe na ufunguo, na mmoja asiye nao anazuia wote. Wale wa BCC nao si wa siri sana, kwa sababu barua ya OpenPGP kwa kawaida hubeba namba za funguo ilizosimbiwa, na anayejua kuzisoma ataona kuna mpokeaji wa ziada.

Picha na mapambo. Mei 2018 watafiti wa Ujerumani walitangaza udhaifu walioupa jina EFAIL. Mshambuliaji aliyekamata barua iliyosimbwa aliizungushia msimbo wa HTML, ule wa kupamba barua na kurasa za wavuti, akaituma kwako. Programu yako ilipoisimbua ikajaribu kupakua «picha», na anwani ya picha hiyo ilibeba maneno yaliyosimbuliwa hadi kwake. Programu zimerekebishwa, lakini zima upakuaji wa picha za mbali na andika kwa maandishi ya kawaida. Barua za kisheria hazihitaji rangi.

Ukubwa nao: kiambatisho kikigeuzwa maandishi ili kisafiri huongezeka kwa takriban theluthi. Gmail inakomea megabaiti 25, kwa hiyo usitegemee kupitisha zaidi ya 18 hivi. Kutafuta neno ndani ya barua zilizosimbwa kwenye Gmail ya kivinjari hakuwezekani, na vichujio vya virusi vya Google haviwezi kuona ndani. Kiambatisho kilichosimbwa kinaweza kuwa na kirusi sawa na kingine, kwa hiyo kikaguliwe kwenye kompyuta yako baada ya kusimbuliwa.

Muda wa ufunguo ukiisha, mfadhili ataambiwa hawezi kukusimbia. Barua za zamani bado zinasomeka, hakuna kilichopotea. Unaongeza muda kwenye ufunguo uleule, kisha unamtumia nakala mpya ya ufunguo wa umma. Wengi husahau hiyo sehemu ya pili, wakamlaumu mwenzao. Mtumishi mwenye ufunguo akiacha kazi, au kompyuta ikiibwa, ufunguo ubatilishwe: Thunderbird ina chaguo la kubatilisha, na GnuPG hutengeneza hati ya kubatilisha tangu siku ufunguo unapozaliwa, ihifadhiwe pamoja na flashi za akiba. Ujue tu kwamba kubatilisha hakurudishi yaliyopita. Aliyekusanya barua zako za zamani, akaja kupata ufunguo wa siri na nywila yake, anazisoma zote. Signal, programu ya ujumbe wa simu, haina udhaifu huu kwa kiwango hicho, kwa sababu inabadili funguo kila wakati. Kwa hiyo jambo la dharura la «mteja yuko hatarini usiku huu» lipite Signal, na barua pepe ibaki kwa nyaraka zinazohitaji kumbukumbu.

Kwenye simu za Android, OpenKeychain pamoja na FairEmail au K-9 Mail zinafanya kazi vizuri. Lakini fikirini mara mbili kabla ya kuweka ufunguo wa ofisi kwenye simu inayopanda daladala kila siku. iPhone haina PGP ndani ya programu yake ya barua. Inayo S/MIME, kanuni nyingine ambayo badala ya ninyi wenyewe kuhakikiana, kampuni ya vyeti ndiyo inayothibitisha anwani. S/MIME imo ndani ya Outlook na Apple Mail na ni nyepesi kwa mashirika makubwa yenye idara ya kompyuta. Kwa Gmail ya bure haipatikani kwenye kivinjari, na haiongei na PGP. Mfadhili ametaja PGP, basi ni PGP.

Kuna njia nyepesi zaidi. Proton Mail ya Uswisi, iliyoanza 2014, inasimba yenyewe kati ya watumiaji wake na inapokea funguo za PGP za watu wa nje, hivyo mngeweza kufungua sanduku moja huko kwa ajili ya mfadhili na kuepuka nusu ya niliyoyaeleza. Fahamuni mipaka yake: kichwa cha barua hakisimbwi kutoka mwisho hadi mwisho, na mwaka 2021 kampuni ililazimishwa kisheria huko Uswisi kutoa anwani ya IP ya mwanaharakati wa Ufaransa. Yaliyomo kwenye barua hayakutolewa, kwa kuwa haikuweza kuyasoma.

Njia ya pili ni kusimba kiambatisho peke yake. Kwa mteja au wakili asiyejua PGP, programu ya kufunga mafaili ya 7-Zip, kwa usimbaji wa AES-256, inatosha, na nywila unampa kwa simu, kamwe si kwenye barua inayofuata. Chagua AES-256 kwa mkono ukitumia umbo la zip, kwa sababu ile ya zamani iitwayo ZipCrypto huvunjwa kwa urahisi. Na hapa kuna mtego: ukiweka alama ya kusimba pia majina ya faili, Gmail inaweza kuikataa barua, kwa kuwa inazuia kifurushi ambacho haiwezi hata kuona orodha ya vilivyomo. Acha majina wazi, ila yawe kama «jalada14.docx». Ile hali ya siri ya Gmail, inayoweka tarehe ya barua kufutika, msiihesabu humu kabisa. Inamzuia mpokeaji kusambaza kwa kubonyeza, lakini Google bado inaweza kuisoma, na mpokeaji anaweza kupiga picha ya skrini. VPN nayo inaficha safari yako kwa kampuni ya intaneti, haigusi barua iliyotulia kwenye seva.

La mwisho linahusu fedha. Barua kuwa imesimbwa si ushahidi wa aliyeituma: ufunguo wenu wa umma uko wazi, na tapeli anaweza kuwasimbia barua nzuri kabisa yenye jina la mfadhili. Kinachothibitisha ni sahihi, tena iliyotiwa kwa ufunguo mliouhakiki kwa simu. FBI ya Marekani ilipokea kwa mwaka 2023 pekee ripoti za hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na barua za kazini zilizoghushiwa, zikiwemo zinazodai namba ya akaunti ya benki imebadilika. Mfadhili akiwaandikia kuhusu akaunti, angalieni kwamba Thunderbird inaonyesha sahihi imekubalika na ufunguo umehakikiwa. Kisha mpigieni kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa kwenye barua.